Thiknesa peke yake hainyooshi mbao

Ndugu Mhariri, salaam nyingi kutoka Tanga.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na mafundi seremala vijana, hasa vile vikundi vinavyochukua mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri na mi nauunga mkono kwa moyo wote. Ila huku Ngamiani kwenye barabara zetu za namba, na Makorora, na Mikanjuni, nakuta karakana mpya imefunguliwa, bati jipya, vijana wana ari, na ndani kuna mashine moja kubwa inang'aa nayo ni thiknesa, ile ya kulinganisha unene wa mbao. Ukiwauliza mbona mmeanza na hii wanakujibu fundi si ndo mashine ya randa hiyo, mbao inaingia mbovu inatoka safi. Hapo ndo naumia, maana mkopo unatakiwa urudi kila mwezi na mbao itakuwa inatoka safi kweli lakini imepinda vilevile ilivyoingia.

Nieleze taratibu, hata wateja wanaosoma hapa itawasaidia. Mbao ikitoka kwenye msumeno, iwe ya dingdong kule Mafinga au ya chensoo kutoka porini, haijanyooka hata siku moja, na inavyokauka inazidi kujivuta. Nyingine inapinda kwa urefu, nyingine inabonyea katikati kwa upana, na ile mbaya kuliko zote inajinyonga, ukiilaza sakafuni kona mbili zinagusa na mbili ziko hewani, inacheza. Sasa thiknesa ina meza chini, kisu juu, na roli zinazoivuta mbao. Zile roli zina nguvu, zinaikandamiza mbao iliyopinda mpaka inalala, kisu kinapita, alafu ikitokea upande wa pili roli zinaiachia na yenyewe inarudi kwenye upindo wake kama godoro ulilokalia ukiinuka. Umepata mbao yenye unene sawa mwanzo mwisho, laini, na imepinda. Mashine haina kosa lolote, kazi yake ni kuufanya uso wa juu ufuate uso wa chini, na ule uso wa chini hakuna aliyeunyoosha.

Wa kuunyoosha ni sefesi, ile mashine ya meza mbili ndefu, moja ya kuingizia moja ya kutokea, kisu kinazunguka katikati yao na pembeni kuna ukuta wa kuegemezea. Meza ya kuingizia inashushwa kidogo, milimita 1 au 2, hicho ndo kiasi unachokula kila ukipitisha. Meza ya kutokea lazima ilingane na ncha ya kisu pale kinapofika juu kabisa, ikiwa chini kisu kitauma mwisho wa mbao na kuacha shimo, ikiwa juu mbao itagonga ukingo wake au utatoka na ubao mnene upande mmoja mwembamba upande mwingine. Pale hamna roli, ni mikono yako tu, kwaiyo mbao inapita ilivyo na kisu kinakula vile vilima peke yake mpaka uso wote unalala mezani. Upande uliobonyea ndo unauelekeza chini ili mbao isimamie kingo zake mbili, ukiuweka juu itakuyumbia na hutonyoosha kitu.

Uso mmoja ukishanyooka unausimamisha kwenye ukuta, ukuta uwe nyuzi 90 sawasawa, unapiga ubavu mmoja. Hapo sasa ndo zamu ya thiknesa, uso ulionyooka ukiwa chini. Alafu msumeno wa meza, ule ubavu ulionyooka ukiegemea ukuta wa msumeno, unapasua upana unaotaka, na mwisho kabisa ndo unakata urefu. Huo mpangilio sio mapenzi ya fundi fulani, kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia, ukiruka moja zote za mbele zinabeba kosa. Na kabla ya yote hayo punguza mbao iwe karibu na urefu wa kazi yako ukiacha ziada ya inchi 2 au 3. Ubao wa futi 12 uliopinda ukiunyoosha mzima mzima utakula unene wote ubaki na kitu chembamba, lakini ukiukata vipande vya futi 3 kila kipande upindo wake ni mdogo na hupotezi sana. Ila vipande vifupi chini ya inchi 12 usiviingize thiknesa, roli ya kwanza itakiachia kabla ya pili haijakishika na kitageuka humo ndani.

Hili la thiknesa peke yake haliko kwa vikundi vipya tu. Mafundi wengi hapa mjini hatuna mashine zetu, tunapakia mbao kwenye guta tunapeleka mashineni, tunalipa kwa ubao, na mwenye mashine ana foleni ndefu kwaiyo anazipitisha thiknesa moja kwa moja juu chini juu chini, hata kama sefesi ipo pembeni imefunikwa turubai. Fundi anarudi na mbao laini anaunga fremu ya mlango, anavuta kwa klempu, vile vibano vya chuma, mpaka inakaa, anapiga gundi na mambo, vile vijiti vya kufungia viungo. Baada ya masika moja mlango haufungi, mteja anasema mbao ilikuwa mbichi. Mara nyingine ni kweli ilikuwa mbichi, lakini mara nyingi mlango ulijinyonga siku ileile ya kuungwa, klempu ndo ilikuwa inauficha. Mwambieni mwenye mashine apige sefesi kwanza na mumlipe hiyo zamu ya ziada, ni haki yake.

Sasa swali ninaloulizwa sana, fundi hela inatosha mashine moja tu tununue ipi? Jibu langu linategemea nani yuko kwenye kikundi. Kama kuna mtu anayejua randa ya mkono kikweli, ile ndefu, nunueni thiknesa na uso wa kwanza apige huyo mtu kwa mkono. Hautakiwi uwe laini, unatakiwa usicheze tu ukiulaza, thiknesa itamalizia uso wa juu alafu mnageuza inasafisha na huo wa chini. Kazi inayoua mgongo kwa mkono ni kulinganisha unene wa mbao ishirini, na hiyo ndo thiknesa inawaondolea. Kama hakuna mwenye randa, tengenezeni kitanda cha plaiwudi nene au emdiefu (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) iliyonyooka, lazeni ubao juu yake, sehemu zilizo hewani pachikeni vikabari mzibandike visihame, kisha kitanda na ubao vinaingia pamoja. Roli inakandamiza lakini mbao haina pa kwenda. Ni polepole lakini matokeo yake ni ya kweli.

Lakini kwa kikundi kinachotaka kupiga madawati na milango, mi ningesema chukueni ile iliyounganishwa, sefesi juu thiknesa chini, mota moja na kisu kimoja, upana wa inchi 10 mpaka 12. Naikubali kuliko zote kwa karakana ndogo. Usumbufu wake ni kwamba kuhama toka kazi ya juu kwenda ya chini unainua meza na kugeuza kifuniko cha kunyonya vumbi, basi mnapanga siku, asubuhi nyuso zote zinanyooshwa, mchana unene. Zile za kazi tano sita kwa pamoja, na msumeno humohumo na kutoboa humohumo, zinamfaa mtu mmoja anayefanya peke yake, kikundi kitakuwa mmoja anafanya kazi wanne wanamsubiri.

Na upana jamani msidharau. Kuna sefesi ndogo za inchi 6 zina bei ya kuvutia, lakini mbao tunazonunua hapa ni 1x8, 1x10, mpaka 1x12, sasa uso wa inchi 8 utaupitishaje kwenye kisu cha inchi 6? Utaishia kupasua ubao mzuri wa mninga katikati ili tu mashine iutoshe. Urefu wa meza pia, kwa kawaida sefesi inanyoosha vizuri mbao isiyozidi mara mbili ya urefu wa meza zake. Fremu ya mlango ina futi 7, kwaiyo meza zote mbili kwa pamoja zikiwa chini ya futi 3 na nusu utahangaika. Vile vya mezani vyenye meza fupi za aluminiamu ni vya kutengenezea maboksi na fremu za picha.

Kwenye umeme ndo nimeona hela nyingi ikipotea, kwaiyo nitakaa hapa kidogo. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na wa njia tatu, yaani fezi tatu, ni volti 400. Mashine yoyote unayoiona sokoni ina kibao cha chuma kwenye mota, kisome kabla hujasoma bei. Ikiwa imeandikwa 110 na hezi 60 imetoka Marekani au sehemu za huko, muuzaji atakwambia utafunga transfoma. Transfoma inarekebisha volti, hezi hairekebishi, mota ile itazunguka pungufu kwa moja ya sita na itachemka zaidi. Mashine za mtumba kutoka Uingereza na Ulaya ni nzito, chuma kitupu, nzuri sana, na nyingi ni rahisi kwasababu ni za njia tatu na mtu wa nyumbani hazimfai. Kama karakana ina umeme wa njia tatu kutoka TANESCO hiyo ndo bahati yenu, chukueni. Kama mna njia moja, invata inaweza kuiendesha, ile inapokea 230 ya njia moja na kutoa 230 ya njia tatu, lakini kibao cha mota lazima kiseme 230/400, fundi umeme ataibadilisha waya za mota zikae mpangilio unaoitwa delta. Kikisema 400/690 invata hiyo haitoifaa, acheni.

Kwa njia moja mota ya hosipawa 3 ndo mwisho ninaoushauri, hiyo ni wati 2,200 na ushee ikiwa kazini, lakini pale inapoanza kuzunguka inavuta mara 5 mpaka 7 ya kawaida yake kwa muda mfupi. Ndo maana taa za jirani zinafifia na ndo maana ukiiwasha kwa ekstensheni nyembamba ndefu inanguruma haizunguki, na ikinguruma hivyo inaungua. Vuteni waya mnene kutoka kwenye mita mpaka kwenye mashine, mfupi iwezekanavyo, na swichi yenye kujizima umeme ukikatika, ili ukirudi kisu kisianze kuzunguka chenyewe wakati mtu yuko hapo anasafisha.

Thiknesa za kubebeka za inchi 12 au 13 nyingi zina mota ya kaboni, ile yenye brashi za kaboni zinazosuguana ndani. Zina kelele ya kutoboa masikio na kaboni zinaisha, lakini ni nyepesi na kazi ya kiasi inafanya. Kwa mtu anayeenda kufanya kazi saiti ni sawa. Kwa kikundi kinachoranda kutwa, tafuteni mota ya indaksheni, ile isiyo na kaboni, inadumu na inavumilia.

Visu. Hapa mkoa wetu una mbao za namna yake. Msaji wa Longuza kule Muheza una chembe za silika ndani ya mbao yenyewe, kisu cha kawaida kinakufa mapema. Mvule unaweza kuwa na mawe ya chokaa ndani, huyaoni mpaka kisu kiyapate. Mkongo na mvule nyuzi zake zinapishana, kipande kimoja zinaenda mashariki kingine magharibi, kwaiyo kisu kirefu cha kawaida kinazichomoa na kuacha uso wenye mabaka. Kwa mbao hizi ile roli ya visu vidogo vidogo vya kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida, vilivyopangwa kwa mzunguko inafanya kazi nzuri sana, kila kisu kina pande nne, upande ukifa unalegeza skrubu unakizungusha, na kelele inapungua. Lakini ulizeni kwanza visu vya akiba vinapatikana wapi, kama jibu ni kuagiza nje na kusubiri basi visu virefu vya chuma ambavyo fundi wa kunoa wa hapahapa anavinoa ni salama zaidi kwenu. Mnaofanyia kazi msonobari wa Lushoto zaidi hamna haja ya kabaidi. Na mbao yoyote iliyoburutwa chini ipigeni brashi ya waya kwanza, mchanga unaua kisu kuliko msaji.

Kitu kingine cha pwani ni hewa yenyewe. Mbao ikikaa Tanga ndani ya nyumba inatulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi, hata uikaushe vipi itarudi hapo. Kwa kazi ya hapahapa haina shida, lakini kochi la kupelekwa Dodoma litakauka zaidi huko na viungo vitafunguka, kwaiyo mita ya unyevu ni kifaa kidogo cha kununua pamoja na mashine, sio baadae. Ubao mkiupunguza mara ya kwanza msiufikishe kwenye unene wa mwisho, acheni milimita 3 au 4, usimamisheni siku kadhaa hewa ipite pande zote, utajipinda tena kidogo, ndo mnarudia na kumalizia. Na muondoe kiasi sawasawa pande zote mbili, ukila upande mmoja tu ule ubichi wa ndani unabaki wazi upande huo na ubao unajikunja usiku. Meza za chuma nazo upepo wa bahari unazila, zisugueni nta au mafuta mepesi, mkipaka mafuta yafuteni kabla ya kazi yasiingie kwenye mbao.

Msumeno wa meza sitaongea sana, bledi yake, ile sahani ya meno, iwe inchi 10, meno 24 ya kupasulia na 60 au zaidi ya kukatia. Ila kile kibamba cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi msikitoe. Naona kimetolewa karibu kila karakana kwa madai kinasumbua. Mbao ikipasuliwa inajifunga nyuma na kuibana bledi, kibamba ndo kinaizuia, bila hicho mbao inarushwa kwa aliyesimama kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Na ubao usionyooka, ule unaocheza mezani, ndo unaobana haraka kuliko wote, kwaiyo sefesi ni suala la usalama pia. Mbao iliyopinda ikibidi kupasuliwa kabla ya kunyooshwa, bendisoo, msumeno wa mkanda, ni salama zaidi maana haina mzunguko wa kuirudisha kwako.

Glavu kwenye mashine inayozunguka hapana, zinavutwa na mkono unafuata. Tumieni visukumio vya mbao, kwenye sefesi mkono usipite juu ya kisu hata kidogo. Na vumbi, wadogo zangu, vumbi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, ililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 mwaka 1995, yaani limethibitika kuleta saratani, hasa ya pua. Barakoa nzuri na feni ya kunyonya viwekwe kwenye bajeti ya mkopo, sio vya kusubiri faida.

Ombi langu kwa maafisa maendeleo ya jamii wanaopitia maandiko ya mikopo, wakikuta mstari umeandikwa mashine ya randa basi waulize ya uso au ya unene, inchi ngapi, njia moja au tatu, visu vya akiba vinatoka wapi, na kama kile kibamba cha nyuma ya msumeno kipo. Wakiona hawajui, hapa mjini tuna VETA ya mafunzo ya ufundi na tuna SIDO ya viwanda vidogo, waombe mtu wa ufundi akague orodha kabla pesa haijatoka. Na vikundi mkienda kununua bebeni ubao wenu wenyewe, uliojinyonga, sio ule msafi wa dukani. Mwambieni muuzaji awashe. Nyoosheni mbao mbili bavu zake, zisimamisheni ubavu juu ya ubavu mbele ya mwanga, mkiona mwanga unapita katikati ulizeni meza inarekebishwa vipi, akishindwa kuwaonesha hapohapo msilipe.

Fundi seremala,
Ngamiani, Tanga